Mbali na Karibu Katika Picha

Siku moja niliingia katika darasa la watoto wa mwaka wa nne, saa ya somo la kuchora. Mwalimu alikuwa amewaagiza wachore njia ya kijiji chao. Mtoto mmoja alichora njia katikati ya karatasi, imenyooka toka chini hata juu, na upana wake ni uleule po pote. Nyumba za mkono wa kuume alizilaza upande wa kuume, na nyumba za mkono wa kushoto alizilaza upande wa kushoto, kana kwamba kuta zote zimeanguka chali pande mbili. Kila nyumba ilikuwa na mlango wake, na kila mlango ulielekea njia. Mwalimu alipiga alama nyekundu juu ya karatasi, akaandika: «Nyumba zimeanguka.»

Nilimwuliza mtoto sababu ya kuchora hivyo. Alinijibu pasipo haya: «Baba, nikichora kama mwalimu anavyotaka, nyumba ya nkambo wangu itafichwa na nyumba ya jirani.»

Tangu siku ile jibu la mtoto huyo halijaniondoka moyoni. Mwalimu alisema kweli kwa upande wake: nyumba ya mbali huonekana ndogo, na nyumba ya karibu huifunika ile iliyo nyuma yake. Lakini mtoto naye alisema kweli, na labda kweli yake ni kubwa zaidi. Alikuwa amekwisha kufahamu kwamba kila namna ya kuonyesha umbali huficha kitu fulani. Anayechora huchagua atakachoonyesha, na papo hapo huchagua atakachoficha.

Mara nyingi twasikia watu, hata watu wenye elimu, wakisema kwamba wachoraji wetu wa Katanga wa zamani «hawakujua umbali». Huwasifu kwa rangi zao, kisha huwahurumia kwa ajili ya nafasi. Sifa ya namna hiyo ni dharau iliyovaa nguo za sikukuu. Basi, msomaji mpenzi, na tutazame picha zenyewe, tuone kama neno hilo lasimama.

Shida ya kila mchoraji

Karatasi ina urefu na upana, basi. Haina mbele wala nyuma. Lakini dunia tunayokaa ndani yake ina mbele na nyuma, na mtu hutembea ndani yake, huingia na kutoka. Kila mchoraji wa kila nchi alikutana na shida hii, na njia za kuimaliza si nyingi.

Njia ya kwanza ni kufunika. Mti ukifunika sehemu ya nyumba, jicho lajua mara moja kwamba mti u mbele. Njia ya pili ni kupunguza: mtu wa mbali huchorwa mdogo. Njia ya tatu ni kupandisha: kitu cha karibu huwekwa chini ya karatasi, na kitu cha mbali huwekwa juu yake. Njia ya nne ni rangi. Simama Uvira asubuhi, utazame milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa. Miti ya milima ile ni mibichi kama miti ya kwako, lakini jicho laona rangi ya buluu tu, maana hewa nyingi yasimama katikati. Njia ya tano ni mistari. Simama katikati ya reli iliyonyooka: vyuma viwili, ambavyo twajua kwamba havikutani kamwe, vyaonekana kukaribiana na kugusana kule mwisho.

Tena mchoraji huzipanga nafasi zake kwa safu: safu ya mbele, safu ya katikati, safu ya nyuma. Jicho huingia kwa mlango wa safu ya mbele na kwenda mpaka ile ya mwisho. Mchoraji hodari ndiye aongozaye safari hiyo, naye ajua pa kulisimamisha jicho na pa kuliacha lipite.

Hakuna sheria inayomlazimisha mchoraji kutumia njia zote tano pamoja. Huchukua zile zinazomfaa kwa neno analotaka kusema.

Dirisha la Firenze

Katika mji wa Firenze, nchi ya Italia, mwanzoni mwa karne ya 15, mjenzi Filippo Brunelleschi alionyesha namna ya kupima mistari ile inayokutana. Karibu na mwaka 1427 kijana Masaccio alichora Utatu Mtakatifu juu ya ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella, hata mtu akisimama mbele yake adhani kwamba ukuta umetobolewa na chumba kingine kimejengwa ndani yake. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika sheria zenyewe katika kitabu, akafananisha picha na dirisha lililo wazi. Mwenye kutazama asimama mahali pamoja, kwa jicho moja, na mistari yote ya nyumba yakimbilia nukta moja.

Mfano unaojulikana kwetu zaidi ni Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci. Nakala zake zimetundikwa katika nyumba nyingi za Wakristo, juu ya meza ya kulia. Leonardo aliichora Milano, kati ya miaka 1495 na 1498, katika chumba cha kulia cha watawa wa Mtakatifu Dominiko. Hebu tuitazame kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake.

Safu ya kwanza ni meza. Yakata picha toka upande hata upande, kama ukingo wa daraja, nasi hatuwezi kupita. Safu ya pili ni Bwana Yesu na mitume kumi na wawili, watatu watatu, mafungu mawili kila upande. Safu ya tatu ni chumba chenyewe: boriti za dari na mapazia ya kuta yaendelea kupungua, yakivuta jicho ndani. Safu ya nne ni madirisha matatu ya nyuma, na nje yake vilima vya rangi ya buluu. Mistari yote ya dari na ya kuta yakutana kwenye kichwa cha Kristo. Wale waliotengeneza upya picha hiyo waliona tundu dogo la msumari kando ya jicho lake. Yaonekana Leonardo alifunga uzi hapo ili kupima mistari yake. Basi mitume wafanya ghasia, mikono yaruka huku na huku, lakini chumba chote chaelekea kwake yeye aliye kimya. Hapo umbali unasema neno ambalo uso peke yake usingeweza kulisema.

Lakini tazama tena. Meza ile ni fupi mno. Watu kumi na watatu hawawezi kukaa hapo na kula kwa raha. Na kwa nini wote wameketi upande mmoja? Hakuna karamu ya watu ambapo upande mmoja wa meza huachwa mtupu. Tena nukta ile ambayo mistari yakutania i juu mno kupita kimo cha mtu ye yote asimamaye chini katika chumba kile. Kwa hiyo hakuna mtawa aliyeweza kuiona picha toka mahali hasa ambapo sheria yataka asimame.

Je, Leonardo alikosea? Hapana. Aliijua sheria kuliko wote. Lakini alitaka nyuso zote kumi na tatu zionekane, asifichwe hata mmoja. Sheria ilipotaka kumfichia mtu, aliiweka kando. Basi Leonardo na mtoto yule wa darasa la nne wamefanya jambo lile lile, kila mmoja kwa kadiri ya mkono wake.

Meza iliyo wazi

Katika karne hiyo hiyo ya 15, mbali na Italia, mtawa Mrusi Andrei Rublev alichora malaika watatu wageni wa Abrahamu, wameketi kwenye meza. Hapo mistari haikimbilii ndani. Tazama vibao ambavyo malaika wa kuume na wa kushoto wameweka miguu yao: kingo zake zatanuka kadiri zinavyokwenda nyuma, kinyume cha reli. Watu wengi wa Ulaya walidhani kwamba Warusi wa zamani hawakujua kuchora. Mwaka 1919 padri Mrusi Pavel Florensky, aliyekuwa pia mwalimu wa hesabu, aliandika kuwatetea: jambo lililorudiwa na mafundi wakubwa, tena katika kazi zao bora, haliwezi kuwa kosa la mtu asiyejua.

Nasi twaweza kuona faida yake kwa macho. Malaika wamekaa pande tatu za meza. Upande wa nne, ulio kwetu, hauna mtu. Picha ya Milano yatuweka nje ya meza, tutazame. Picha ya Rublev yatuachia mahali pa kukaa. Umbali wake hauendi nyuma ya ukuta. Waja mbele, unatufikia sisi.

Basi tumeona njia mbili, na zote mbili ni za mafundi. Sasa turudi kwetu.

Ukuta, kisha karatasi

Kabla ya karatasi, watu wetu walichora kwenye kuta za nyumba. Mwaka 1926, huko Bukama, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya Wabelgiji, alipendezwa na michoro ya kuta, akampa Albert Lubaki karatasi na rangi za maji. Lubaki alichora watu, wanyama na miti juu ya karatasi nyeupe, pasipo mbingu, pasipo ardhi. Mara nyingi alizungusha mstari wa rangi kandokando ya karatasi. Mstari huo si pambo tu. Ukuta una mwisho wake, una pembe na mlango, karatasi haina. Kwa mstari ule Lubaki aliijengea karatasi kuta zake. Ndani yake kila kitu kina nafasi yake, na weupe uliobaki ni hewa.

Mwaka 1946, mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua nyumba ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka kuwafundisha sheria za shule za Ulaya. Alitaka kila mmoja atafute mkono wake. Watatu kati yao walijulikana kuliko wengine: Bela Sara, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Hao ndio wanaoambiwa kwamba hawakujua umbali.

Bela alichora kwa ncha za vidole. Kila alama ni kidole kimoja kilichogusa karatasi. Hapo hakuna mstari wa kukimbilia nukta yo yote, maana mkono wenyewe umegusa kila mahali sawasawa. Aliye karibu na aliye mbali wameguswa kwa kidole kile kile.

Pilipili alipenda samaki, ndege, nyoka na mamba. Tazama picha yake ya maji. Hakuna upeo wa macho. Majani ya majini yapanda toka chini hata juu, na nafasi yote iliyobaki imejazwa vistari na nukta ndogo, hata hakuna mahali patupu pa kuingiza kidole. Samaki wote wamechorwa ubavu, wazi, na kila gamba limehesabiwa. Mtu aliyezoea dirisha la Firenze atasema: hapa hakuna kina.

Lakini mtu huyo hajapata kuinama juu ya maji ya Lualaba. Atazamaye ndani ya maji haoni upeo wa macho, wala reli inayokutana. Huona kwanza giza la rangi moja. Kisha ndani ya giza hilo huona majani. Kisha, kati ya majani, samaki ang'aa na kupita. Hivyo ndivyo Pilipili alivyopanga safu zake: rangi ya chini, juu yake mimea, juu yake mnyama, na juu ya mnyama nukta nyeupe zinazong'aa. Umbali wake hauhesabiwi kwa mita. Wahesabiwa kwa kujificha na kuonekana. Na kwa kuwa mara nyingi katika picha zake mnyama mmoja humla mwenziwe, nafasi ile iliyojaa ni nafasi ya hatari: hakuna mahali pa kukimbilia. Fungua dirisha nyuma yao, weka mbingu na kilima cha buluu, na mara ndege aliyekamatwa na nyoka apata njia ya kuruka. Picha itakuwa imesema uongo.

Mwenze alifanya namna nyingine. Mtu na nafasi iliyomzunguka alivitengeneza kwa kitu kimoja: vistari vifupi, vilivyosimama karibu karibu kama nyuzi za mkeka. Rangi zake si nyingi: za udongo, za kahawia, nyeusi, nyeupe. Ni kwa jinsi gani basi twamwona mwindaji asipotee katika ardhi? Kwa mwendo wa vistari. Vya mwili vyafuata njia yake, vya ardhi vyafuata nyingine. Pale vinapogeuka, jicho lahisi ukingo wa mwili. Ni kazi ngumu sana, maana fundi amejinyima kivuli na kupunguza, amebaki na njia moja tu, nayo yamtosha.

Kasoro

Nimewatetea, lakini atetezaye vizuri hafichi kasoro. Kazi zote za Hangar hazilingani. Katika zile dhaifu, nafasi iliyojaa yageuka kuwa kitambaa. Ndege wa kuume aweza kuhamishwa kushoto, na hakuna kitakachoharibika. Hapo nafasi haisemi tena neno, yapendeza tu. Wanunuzi wengi wa wakati ule walikuwa Wazungu, na picha inayopendeza huuzwa upesi. Mkono ukizoea kuuza, huanza kurudia.

Tena kuna kasoro kubwa zaidi. Elisabethville ulikuwa mji wa shaba, wa moshi, wa reli, wa makambi ya wafanyakazi yenye nyumba zilizopangwa kwa mistari. Vitu hivyo twavitafuta kwa shida katika karatasi za Hangar. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, na wanafunzi wake wakaingia katika Akademi iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951. Pilipili na Mwenze walifundisha huko. Lakini mji wenyewe ulingoja wachoraji wengine.

Mifuko ya unga

Wachoraji hao walitokea baada ya uhuru. Katika miaka ya 1970, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilijaa picha zilizochorwa juu ya nguo za mifuko ya unga, zikauzwa kwa watu wa kawaida, wakazitundika katika vyumba vyao vya wageni. Watu hawakuuliza kwanza kama picha ni nzuri. Waliuliza kama ina ukumbusho. Katika wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, aliazimia kuchora historia yote ya nchi, na katika miaka ya 1973 na 1974 alimpa mwalimu Johannes Fabian picha karibu mia moja pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili.

Chukua picha inayoitwa Colonie Belge, iliyorudiwa na wachoraji wengi. Mbele, mfungwa amelazwa chini, askari mweusi ampiga fimbo. Karibu nao mkubwa Mzungu asimama, akitazama. Nyuma yao ni jengo la serikali au gereza, na juu yake bendera ya Wabelgiji. Hapa umbali upo: ardhi yaenda nyuma, ukuta wapungua, mbingu ipo juu. Wachoraji hawa walichukua dirisha la Firenze pasipo kumwomba mtu ruhusa. Lakini waliligeuza liwe kitu chao. Jicho laanza kwenye mgongo wa mfungwa, lapita kwa mkono wa askari, lamfikia mkubwa ambaye hakushika fimbo, kisha laishia kwenye bendera. Safu ya mbele ni jambo lililotendeka. Safu ya nyuma ni sababu yake. Aliye mbali zaidi ndiye mwenye kutoa amri. Mimi sijui picha nyingi, za Ulaya au za kwetu, ambamo safu tatu zimefanya kazi kubwa namna hiyo kwa rangi chache hivyo.

Mtu aweza kusema kwamba mistari ya jengo lile haikutani barabara. Ni kweli. Lakini tumekwisha kuona meza ya Leonardo.

Neno kwa walimu

Basi, tusifundishe tena kwamba kuna wachoraji wanaojua umbali na wengine wasioujua. Tuwafundishe watoto sheria ya mistari, na tuwafundishe vizuri. Ni chombo kizuri, na mtoto asiyekijua amenyimwa kitu. Anayetaka kuwa fundi wa majengo hawezi kukiacha. Lakini kabla ya kushika kalamu nyekundu, tumwulize mtoto maswali matatu. Jicho langu laingia wapi katika picha yako? Lasimama wapi? Na ni nani uliyekataa kumficha?

Mtoto asiyeweza kujibu, huyo amechora ovyo, hata kama nyumba zake zimesimama wima na mistari yake yote yakutana. Lakini mtoto anayejibu, huyo amekwisha kupanga nafasi, nasi twapaswa kumsaidia aipange vizuri zaidi.

Mwisho wa somo lile nilimwomba mtoto karatasi yake, akanipa. Ninayo hata leo. Alama nyekundu imepauka, lakini nyumba zote za kijiji bado zaonekana. Ile ya nkambo ni ya tano, mkono wa kuume, yenye mlango wa buluu.